PS4, PS5, Xbox Series S au Switch: kuchagua mashine ya gemu ukiwa Kusini

"Mjomba, shikamoo. Hela ya mnada imeingia. Nichukue PS5 au Xbox?"

Ujumbe huu ni wa mpwa wangu wa Tandahimba. Kila msimu korosho zinapoanza kulipwa, swali la namna hii hunifikia kutoka Newala, Masasi, Nachingwea, hata Kilwa Masoko, kwa sababu watu wananijua tangu nilipokuwa nashinda kwenye banda la gemu Magomeni, Mtwara, na pedi ya PS2 mkononi. Safari hii limekuja na la pili: dada yangu wa Lindi mjini ana watoto watatu na runinga moja, na watoto wanamgombania simu kila akitoka kazini.

Marahaba, mpwa. Nimeona nikujibu wewe na dada yangu huyo kwa pamoja, ili na mwingine aliyesimama na hela mkononi apate pa kushika.

Ninachopima

Napima mambo matano, na kila mashine naipitisha humo humo. La kwanza ni magemu ambayo mashine nyingine hazina, maana hayo ndiyo kampuni zinagombea kwa mabilioni. La pili ni mpira, kwa kuwa kwetu mashine isiyocheza mpira vizuri huishia kabatini. La tatu ni njia ambayo gemu litapita mpaka likufikie: diski, kadi au bando. La nne ni umeme, hewa ya bahari na fundi. La tano ni gharama yote mpaka watu wawili waketi na kuanza kucheza, kwa sababu bei ya boksi ni mwanzo tu.

Mezani nimeweka nne. PS4 (PlayStation 4) ya Sony, ya mwaka 2013, ambayo huku utaipata zaidi ikiwa imeshatumika. PS5, ya Novemba 2020. Xbox Series S ya Microsoft, iliyotangulia PS5 kwa siku mbili tu, Novemba 10, 2020. Na Switch ya Nintendo, ya Machi 2017, pamoja na Switch 2 iliyotoka Juni 5, 2025. Xbox Series X, kaka mkubwa wa Series S mwenye tundu la diski, nitamtaja pale anapobadilisha jibu.

Magemu yasiyotoka nyumbani kwake

Zamani jambo hili halikuwa na maswali. Ukimtaka Mario, ununue Nintendo. Ukilitaka Halo, ununue Xbox. Gemu hilo lilizaliwa siku moja na Xbox ya kwanza, Novemba 2001. God of War na Gran Turismo, PlayStation. Gemu la aina hiyo lilikuwa kama mwali aliyewekwa ndani: humwoni mpaka uingie nyumba ile. Na nyumba ikivunjika mwali anahama. Sega ilikuwa na Sonic, lakini mwaka 2001 ikaacha kutengeneza mashine, na Sonic akaenda kuishi kwa Nintendo, mpinzani wake wa miaka yote.

Leo kampuni tatu zilizobaki zimetofautiana tabia, na tofauti hiyo inakuhusu wewe mnunuzi moja kwa moja.

Microsoft imefungua mlango. Ilikamilisha kuinunua Bethesda mwaka 2021 kwa dola bilioni 7.5, kisha Oktoba 13, 2023 ikamaliza kuinunua Activision Blizzard, wenye Call of Duty, kwa takriban dola bilioni 69. Wengi tulidhani magemu yote hayo yatafungiwa Xbox. Ikawa kinyume. Februari 2024 ilitangaza kupeleka magemu yake manne kwa wapinzani, Sea of Thieves likiwa mojawapo. Aprili 2025 Forza Horizon 5 likaingia PS5. Oktoba ya mwaka huohuo ikatangazwa kwamba Halo nalo litakwenda PS5 mwaka 2026. Mimi niliyekua nikiamini kwamba Halo na Xbox ni kitu kimoja, habari hiyo niliisoma mara mbili. Halafu kuna hili: Bungie, studio iliyolitengeneza Halo, tangu 2022 inamilikiwa na Sony.

Kwa mwenye Series S maana yake ni hii: magemu anayo mengi, mapya na mamia ya zamani ya Xbox One na Xbox 360, ila yale ambayo jirani mwenye PS5 hataweza kuyapata yanazidi kupungua. Ukiipenda Series S, ipende kwa mambo mengine, nami nitayataja.

Sony bado inafunga mlango, ingawa siku hizi funguo inamwachia mwenye kompyuta. Horizon Zero Dawn la 2017 lilifika kwenye kompyuta mwaka 2020, na mengine yakafuata. Lakini kwa mashine za sebuleni, Spider-Man 2 la Oktoba 2023 na Astro Bot la Septemba 2024 utayachezea PS5 tu. Astro Bot lilishinda tuzo ya gemu bora la mwaka kwenye The Game Awards 2024, na naona lilistahili. Ni gemu ambalo mtoto wa miaka minane na baba yake wanacheka pamoja. Ndani ya kila PS5 kuna dogo lake, Astro's Playroom, limeshawekwa tangu kiwandani. Huhitaji bando wala diski, unawasha na kucheza.

Hapo PS4 usiidharau. Makubwa kadhaa ya Sony ya mwaka 2022, God of War Ragnarök, Horizon Forbidden West na Gran Turismo 7, yalitolewa kwa PS4 na PS5 kwa pamoja. Mwenye PS4 ana maktaba ya miaka kumi mbele yake. Anachokosa ni ya kesho: GTA VI, kwa mfano, imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu. PS4 haimo, Switch haimo.

Nintendo haijasogea hata hatua. Kampuni hiyo ilianza Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata, na magemu yake makubwa bado inayalinda ndani. Mario Kart na Zelda huyakuti PlayStation wala Xbox. Mario Kart 8 Deluxe peke yake limeuza nakala zaidi ya milioni 60. Kama unachagua mashine kwa kigezo cha gemu lisilopatikana kwingine, Nintendo ndiyo inayotimiza ahadi hiyo kikamilifu, kwa sharti kwamba hayo ndiyo unayoyataka. Kijana aliyelelewa na FIFA na Mortal Kombat anaweza kuiwasha Switch akaikuta ngeni kabisa.

Mpira

Tuwe wakweli: mashine nyingi zinazouzwa Mtwara zinauzwa kwa ajili ya mpira. Ukipita mtaani Jumamosi jioni utajua banda la gemu lilipo kwa kelele za goli, na kanuni yake haijabadilika: anayefungwa anapisha.

EA, kampuni inayotengeneza gemu hilo, na shirikisho la FIFA waliachana baada ya FIFA 23, na tangu Septemba 2023 gemu linaitwa EA Sports FC. Linatoka kila mwaka, na mpaka FC 26 ya mwaka 2025 PS4 bado ilikuwa inaletewa. PS5 na Series S hupata toleo la kizazi kipya, lenye miondoko laini zaidi ya wachezaji. Tofauti ipo, unaiona mchezaji anapogeuka na mpira. Lakini kwa vijana wawili wanaogombea heshima ya mtaa, toleo la PS4 linatosha, na kwa kuwa nimecheza yote mawili, silionei aibu hata kidogo.

Switch kwa miaka mingi ilipewa FIFA iliyopunguzwa. Kuanzia FC 24 hali ilipanda, na Switch 2 imepata FC 26 iliyo bora zaidi. Hata hivyo, mwenye Switch ya kwanza hana eFootball ya Konami, mrithi wa PES, ambayo ni ya bure na ipo PS4, PS5, Xbox na hata kwenye simu. Kwa mtu asiye na hela ya gemu jipya kila Septemba, eFootball ni msaada mkubwa: unaipakua mara moja, na kuingia mtandaoni hulipii ada ya mwezi.

Ligi yetu haimo katika EA Sports FC. Lakini tangu FIFA 22 unaweza kuunda klabu yako, ukachagua jina, jezi na uwanja, ukaipeleka mpaka ulaya. Rafiki yangu mmoja ameunda Ndanda na kuwafunga Real Madrid. Hilo linawezekana kwenye PS4 sawasawa na PS5 na Xbox.

Diski, kadi au bando

Hapa ndipo ninapokaa kwa muda mrefu nikiongea na watu, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea.

Mei 2023 Phil Spencer, aliyekuwa akiiongoza Xbox, alikiri hadharani kwamba waliposhindwa na PS4 walishindwa wakati mbaya kuliko yote, kwa kuwa ndicho kizazi ambacho watu walijenga maktaba zao za magemu ya kupakua. Mtu mwenye magemu themanini kwenye akaunti yake hahami, hata ukimwekea gemu zuri namna gani upande wa pili.

Maneno hayo ni ya kweli Marekani. Kwetu maktaba ipo pia, ila haikai kwenye akaunti, inakaa mtaani. Mimi nina diski tano, wewe una nne, jirani ana saba, na sote tunacheza kumi na sita. Gemu moja la God of War naweza kukuonyesha lilivyozunguka: lilinunuliwa na kijana wa Shangani, likaenda Chikongola, likavuka na pantoni kwenda Msangamkuu, likarudi na mchubuko mmoja na bado linasoma. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni kampuni gani ina magemu mazuri, hesabu nyumba kumi zinazokuzunguka zina nini.

PS4 inashinda hesabu hiyo katika mitaa mingi ninayoijua. PS5 yenye tundu la diski inapanda juu ya mgongo wa PS4, kwa kuwa inasoma takriban diski zote za PS4. Kumbuka neno "tundu". Kuna PS5 ya dijitali isiyo nalo, na muuzaji asiye mwangalifu anaweza kukupa hiyo kwa bei inayovutia. Ile nyembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023 unaweza kuiongezea kisoma diski baadaye, ila kisoma diski kinachouzwa peke yake kinahitaji intaneti mara ya kwanza ili mashine ikitambue.

Series S haina tundu kabisa. Kila gemu ni la kupakua, na gemu kubwa linaweza kuzidi GB 100. Pia siku ya kuiwasha mara ya kwanza lazima uiunganishe na intaneti, la sivyo haitavuka hatua za mwanzo. Kwa anayeishi kwa bando la wiki, huo ni mzigo. Lakini Series S ina njia yake ya kushirikiana: kila akaunti huchagua mashine moja kuwa ya nyumbani, na yeyote anayetumia mashine hiyo hucheza magemu ya akaunti ile, hata bila mtandao. Ndugu wawili wanaoaminiana wanaweza kuwekeana akaunti na kila mmoja akacheza vya mwenzake. PS5 nayo ina utaratibu unaofanana. Sisitizo langu ni kwenye neno kuaminiana, maana akaunti ina nywila na wakati mwingine ina kadi ya benki.

Kuna pia Game Pass, unayolipia kwa mwezi na kupata magemu mengi kwa mpigo. Ni wazo zuri kwa mwenye intaneti ya kudumu nyumbani. Ila ada yake hubadilika. Ile ya juu kabisa ilifika dola 29.99 kwa mwezi Oktoba 2025. Piga hesabu ya miezi kumi na miwili kabla ya kuipenda.

Switch hutumia kadi ndogo kuliko stempu, nayo unaazima na kuazimisha kama diski. Magemu ya Nintendo yenyewe ni mepesi. Zelda kubwa la 2023 liko chini ya GB 20. Shida ni kwamba mtaani Mtwara wenye Switch ni wachache, kwa hiyo unaweza kuwa na kadi nzuri na usipate wa kubadilishana naye. Kwa Switch 2 soma boksi: kuna kadi ambazo ndani zina ufunguo tu, na gemu lenyewe unalipakua. Hata diski zina mtego huo. Ile ya Call of Duty ya mwaka 2022 ilibeba chini ya MB 100, kilichobaki ni bando lako.

Mei 2024 iliniondolea ubishi wote juu ya jambo hili. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, mafuriko yakaikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, mabasi na malori yakakwama. Mei 12 kebo za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu, na intaneti nchini ikasuasua. Barabara hakuna, mtandao hakuna. Waliotegemea kupakua walibaki na kile walichokuwa wamekihifadhi. Diski na kadi zikaendelea kupita mkono kwa mkono.

La mwisho kwenye njia hii ni akaunti. Tanzania haimo katika orodha ya nchi za PlayStation Network, mtandao wa Sony wa kununulia na kuchezea magemu, kwa hiyo watu hufungua akaunti ya nchi nyingine na kununua kadi za nchi hiyo. Ukifanya hivyo, jua kwamba nyongeza za gemu hufuata eneo la diski: diski ya Ulaya na akaunti ya Marekani mara nyingi hazisikilizani. Chagua eneo moja, na diski zako zitoke huko huko. Kwa mashine yoyote kati ya hizi, muulize anayekuuzia akaunti imefunguliwa nchi gani, na akukabidhi mbele yako.

Utakutana pia na PS4 "zilizochipiwa", yaani zilizovunjwa ulinzi wake na kujazwa magemu thelathini ya kunakili ndani. Nasema wazi kwa nini sizipendi: hauwezi kuingia nazo mtandaoni kwa usalama, ukisasisha mfumo unapoteza kila kitu, na watengenezaji wa gemu hawapati senti. Lakini bora ujue unachonunua kuliko kuuziwa kama mashine ya kawaida.

Umeme, chumvi na fundi

PS5 ikicheza gemu zito hula takriban wati 200, yaani uniti moja ya umeme inakupa saa tano hivi, runinga hujaihesabu. PS4 ile ya kwanza, nene, huzunguka wati 140. PS4 Slim ni chini ya 100. Series S ni chini zaidi, karibu 75, kwa hiyo uniti moja inakaribia saa kumi na tatu. Switch ikiwa kwenye runinga haifiki wati 20. Kwa mwenye sola ya nyumbani huko Nanyamba au Liwale, tofauti hiyo inaamua kila kitu: Switch inakwenda, Series S inawezekana kwa betri kubwa, PS5 isahau.

Switch ina jambo jingine ambalo hizo nyingine hazina. Umeme ukikatika, unaichomoa na kuendelea mkononi. Ile iliyoboreshwa ya 2019 inakaa kati ya saa nne na nusu na tisa kwa chaji, kutegemea gemu. Switch 2 ni kati ya saa mbili na sita na nusu. Safari ya Mtwara kwenda Dar es Salaam, kilomita zipatazo 560, mtoto anaweza kuimaliza bila kuuliza kama tumefika daraja la Mkapa.

Hewa yetu ina chumvi. Nyumba za Shangani, Mikindani na Lindi zilizo karibu na maji, mashine hushika kutu kwenye matundu ya waya na feni hukusanya vumbi lililoshikana. Ifunike kwa kitambaa ikiwa imezimwa na imepoa, uifunue kabla ya kuwasha. Weka kilinda umeme kwa mashine yoyote.

Fundi wa PS4 utampata Mtwara mjini, Lindi na Masasi. Ameshafungua nyingi, vipuri vyake vipo. PS5 inataka mkono wa uangalifu zaidi, kwa sababu kinachopoza chipu yake ni metali ya majimaji, na ikimwagika mahali pasipo pake inaua bodi. Muulize fundi kama ameshawahi kuifungua, usione haya. Series S ni ndogo na ina vitu vichache vya kuharibika, ila waijuao huku si wengi. Switch inajulikana dunia nzima kwa tatizo la vijiti vya pedi kujisogeza vyenyewe. Vijiti hubadilishwa, ila vitoke Kariakoo kwa basi. Kwa upande wa pedi, ya Xbox inanivutia: hutumia betri mbili ndogo za kawaida, zile za saa ya ukutani, zinazouzwa duka lolote. Pedi ya PS4 na PS5 betri yake imo ndani, ikichoka ni kazi ya fundi.

Kama mashine imeagizwa kutoka Japani au Marekani, soma maandishi ya chini kuhusu volti. Ukiona 100–240V upo salama. PS2 na Xbox 360 za huko zimeungua sana kwa watu kusahau jambo hili.

Gharama mpaka mtu wa pili aketi

Siandiki bei za Kariakoo kwa kuwa hubadilika kila wiki. Za kiwandani zinaonyesha mwelekeo: Series S ilianza kwa dola 299, PS5 yenye diski 499, Switch 299, Switch 2 dola 449.99. Zamani mashine ikizeeka inashuka. Safari hii zinapanda: Series S ilifika dola 399.99 na PS5 yenye diski 549.99 huko Marekani mwaka 2025. Kwa hiyo "nitasubiri ishuke" siyo mpango tena.

PS4, PS5 na Series S huja na pedi moja. Kwa mpira unahitaji mbili, basi ongeza bei ya pedi kwenye hesabu ya kwanza. Switch na Switch 2 huja na vipande viwili vya pedi vinavyoweza kugawanywa, watoto wawili wakaanza Mario Kart siku hiyo hiyo. (Switch Lite haigawanyiki wala haiunganishwi na runinga, ni ya mtu mmoja.) Gemu la Nintendo, kwa upande wake, halishuki bei hata likiwa na miaka mitano, wakati diski ya PS4 ya mwaka juzi utaipata kwa bei ya soda kadhaa.

Kulingana na hali yako

Unaishi mtaa uliojaa PS4, hela ni ya wastani, na kinachokuleta ni mpira na magemu ya kupigana: PS4 Slim, pedi mbili, diski mbili za kuanzia kuazimana. Iwashe dukani, ingiza diski, icheze nusu saa, sikiliza feni, tikisa waya wa HDMI uone kama picha inakatika.

Unataka kufungua banda: anza na PS4, kwa sababu ya fundi na umeme. PS5 moja iwe ya kuvuta watu, baadaye.

Uko chuoni au kazini ambako intaneti ya kudumu ipo, unacheza peke yako, na unapenda kuonja magemu mengi: Series S inakufaa, na uniti zako zitadumu. Kama unapenda Xbox lakini una diski za Xbox One, hapo tafuta Series X.

Dada yangu wa Lindi: watoto ni wadogo, runinga ni moja na taarifa ya habari unaitaka. Switch itawatosha wote watatu, na taarifa ikianza inatoka kwenye runinga. Ila ukiwauliza na kijana mkubwa akasema ni mpira tu, hakuna kingine, usimlazimishe Mario. Kwake PS4 itatumika zaidi.

Unangoja GTA VI na ya miaka inayokuja: PS5 au Xbox Series, PS4 itakuacha njiani.

Mpwa wangu alinijibu usiku. Nyumba za jirani kuna PS4 tatu na PS5 moja, fundi yuko Newala, na hela anayo ya kutosha PS5 na pedi ya pili. Kwake nimesema PS5 yenye tundu la diski, aazime diski za majirani wote wanne. Anasafiri Ijumaa kwenda Kariakoo. Nimemwomba aliguse tundu hilo kwa kidole kabla hajatoa hela, na akirudi kwenye basi asikubali boksi liwekwe kwenye buti pamoja na ndoo za samaki. Alipakate mpaka Tandahimba.